Mkanda Mweusi Ukutani kwa Bibi

Sumbawanga,
Julai.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yake, na Tito umwambie dada yake hajamsahau hata kidogo. Huku sote tunaamka salama, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi nikienda shule najifunga kitenge juu ya sweta, na mwalimu wa zamu anajifanya hajaona kwa sababu naye amevaa makoti mawili. Kifua changu hakijambo. Je, mgongo wako umetulia? Migebuka inapatikana huko ziwani? Ile uliyotutumia mara ya mwisho Bibi aliwagawia majirani mpaka sisi tukabaki na vichwa vya samaki, na bado akasema vichwa ndivyo vyenye utamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Simu ya Mjomba siku zote imewekwa sauti ya juu, hata anayepita barabarani anasikia, na mimi unanijua, watu wakinitazama maneno yananirudi kooni. Jumapili ile alipokupigia nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika sinia la chai. Nilimsikia akikuambia kwamba akili ya Bibi imeanza kupotea, kwamba hatambui nyumba yake mwenyewe, na kwamba mwisho wa mwezi huu atakuja kumchukua akaishi naye Mbeya. Ukanyamaza. Kisha nikakusikia ukisema, "Sawa kaka, kama imefikia hapo, mchukue." Nilitaka kuingia niseme neno, nikabaki nimesimama mpaka chai ikapoa.

Basi neno lenyewe ni hili, Mama. Akili ya Bibi haijapotea. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia Mjomba. Barua nitampa Mama Oska, jirani yetu, anayeshuka huko Kabwe na magunia yake ya maharage.

Unakumbuka siku uliyonileta hapa kuanza kidato cha kwanza? Ulilala siku mbili ukarudi ziwani. Sikuwahi kukuambia, lakini wiki ile ya kwanza niliichukia nyumba hii. Nilitoka kwetu ambako asubuhi mwanga wa maji unaingia mlangoni na kucheza kwenye mabati, nikaja kwenye nyumba ya matofali yenye madirisha madogo kama ukurasa wa daftari, kwa sababu Babu alipoijenga alikuwa anauogopa upepo kuliko kitu chochote. Ndani palikuwa na giza hata saa sita mchana. Sebuleni kulikuwa na balbu moja ya njano yenye vinyesi vya nzi, na jikoni Bibi alitumia koroboi. Palinukia udongo na moshi. Nilijigonga miguu kwenye kila kigoda, na Bibi, ambaye daktari alishasema presha ya macho imekula sehemu kubwa ya kuona kwake na iliyoliwa hairudi, alikuwa akipita humo humo na sufuria ya maji ya moto mikononi, haraka haraka, bila kugusa kitu.

Siku moja nikamuuliza, "Bibi, unaonaje njia?"

"Sioni," akasema. "Naona nyeupe na nyeusi. Inatosha."

Akanishika mkono akanipitisha ukutani. Ukuta juu ulikuwa mweupe, na chini kulikuwa na mkanda mweusi unaofika kiunoni mwake, umezunguka nyumba yote. "Mkanda ukipanda juu, hapo pana mlango," akaniambia. "Ukikatika, hapo kona, geuka uende uani. Huu wa sebuleni alianza kuupaka mama yako akiwa msichana. Alikuwa anapaka hovyo huyo! Mkanda unapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe."

Nilicheka, na nadhani siku hiyo ndiyo nilianza kukaa hapa kwa moyo.

Wewe huhitaji kuelezwa kazi ile, lakini niache nieleze, maana nimeikumbuka sana wiki hizi. Mwaka wa kwanza, tulipomaliza kupukuchua mahindi, Bibi alinipeleka bondeni kuchimba udongo mweupe. Tuliubeba kwa ndoo, tukauanika, tukauchekecha, tukauloweka mpaka ukawa kama uji wa mtoto. Mweusi tuliutengeneza kwa magunzi: tukayachoma, tukayatwanga, tukachanganya na udongo na maji ya mlenda ili usichafue nguo za watu wanaoegemea. Bibi alipaka kwa kiganja. Mimi nilipewa kitambaa, kwa sababu alisema viganja vyangu vya kushika kalamu havijui kitu. Alikuwa akihesabu akina nani wamewahi kupaka ukuta ule. Alimtaja mama yake mkwe, akajitaja mwenyewe, akakutaja wewe, kisha akanigusa shavu na kidole chenye udongo. Sikulinawa shavu hilo mpaka usiku.

Sasa Mjomba. Usimkasirikie, Mama, kwa sababu alichofanya alikifanya kwa upendo mtupu. Mwanzoni mwa likizo ya Juni alifika na gari limejaa ndoo za rangi, waya, swichi, mbao za dari na kapeti la plastiki limeviringishwa kama bomba. Alisimama katikati ya sebule, akatazama ile balbu ya njano, akasema, "Mama yangu amekaa gizani vya kutosha. Safari hii nataka akae kwenye mwanga kama mke wa waziri."

Bibi akajibu kutoka jikoni, "Mke wa waziri anapika wapi? Mumwekee na jiko."

Kwa kuwa harufu ya rangi ingemsumbua kifua, Mjomba alimpeleka Bibi kijijini Chala, kwa mdogo wake Bibi, akapumzike. Mimi nikabaki kuwapikia mafundi. Fundi umeme alimaliza mapema, lakini fundi rangi, anaitwa Fundi Deo, tulikaa naye karibu likizo nzima. Ni kijana mwenye maneno mengi. Aliponikuta nasoma kwenye ngazi yake alianza kuniita mwalimu.

Ilibidi kwanza ule udongo wote ukwanguliwe, maana rangi ya mafuta haishiki juu ya udongo. Fundi Deo alianza kukwangua akidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mchana alikuwa bado yuko ukuta ule ule, mweupe kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Mwalimu," akaniita, "hii nyumba imevaa masweta mangapi?"

Nikaenda kuangalia. Pale alipokata palikuwa na tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa, nyingine nyeupe kabisa, nyingine za kijivu kidogo za miaka ambayo pengine udongo mzuri ulikosekana. Karibu na dirisha kwenye mkanda niliona sehemu iliyopanda na kushuka. Nilijua ni wewe. Nikaigusa, halafu nikampisha fundi aendelee na kazi yake. Jioni tulizoa udongo huo kwa toroli tukaumwaga kwenye shimo la takataka nyuma ya choo, na mvua ya kwanza itaurudisha ulikotoka.

Nisikudanganye, nyumba ilipokwisha ilikuwa nzuri. Ilipigwa lipu mpya, ikapakwa rangi ya krimu inayong'aa, kuta, milango, fremu, vyote. Dari jeupe. Sebuleni taa nne nyeupe, chumbani kwa Bibi mbili, na chini kapeti la rangi ya maziwa juu ya ile sakafu nyekundu. Swichi zikibonyezwa zote kwa pamoja unafumba macho. Mimi nilifurahi. Kwa mara ya kwanza niliweza kukaa kona yoyote nikasoma, na siku hiyo nilisoma mpaka Mjomba akaniuliza kama nataka kuolewa na kitabu.

Bibi aliporudi kutoka Chala, majirani walikuja kumpokea. Mama Oska alipiga vigelegele. Mjomba alimshika mkono akamwingiza, akawasha taa zote ingawa ilikuwa mchana. Bibi akasimama pale mlangoni. Akaweka mkono machoni kama anayezuia jua.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza.

Watu wote wakacheka, Mjomba ndiye aliyecheka zaidi. "Ni yako, Mama! Ya mke wa waziri!"

Akaupapasa ukuta. "Baridi," akasema, "kama ndani ya sufuria." Kisha akasema, "Mungu awabariki." Mimi sikucheka tena, kwa sababu sauti hiyo ni ile anayotumia akienda kwenye nyumba za watu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Bibi alijigonga bega kwenye fremu ya mlango wa chumba chake mwenyewe. Alikaa pembeni ya kochi akaanguka chini. Alimwaga maji machafu ukutani akidhani ni mlango wa uani, kapeti lote likaloa, na akaomba msamaha kama mtoto. Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba alianza kuomba maji ya kunywa. "Samahani, naomba maji." Bibi, Mama! Bibi ambaye hajawahi kuomba maji ndani ya nyumba hii tangu aolewe. Mwishowe akawa hatoki kitandani mpaka ashikwe mkono, na Jumamosi jioni, mezani, akamuuliza Mjomba kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, nyumbani tutarudi lini?"

Mjomba aliweka kijiko chini. Kesho yake ndiyo akakupigia.

Lakini kuna jambo ambalo Mjomba hakuliona, kwa sababu yeye hakai jikoni. Jiko la uani halikupakwa rangi, lilibaki jeusi kwa moshi. Kila nilipomwongoza Bibi hadi kule, akishaingia tu anakuwa Bibi. Anauachia mkono wangu. Anachukua mwiko mahali pake. Anachagua maharage kwa vidole huku ananisema: "Ugali huo bado, husikii unavyolia? Geuza! Unasonga kama unamwomba ruhusa." Na jikoni hakuwahi kuuliza tutarudi lini nyumbani. Nililiwaza jambo hilo mpaka darasani, shule ilipofunguliwa, nikaulizwa swali la jiografia nikajibu "moshi".

Halafu jioni moja, kabla ya chakula, umeme ukakatika. Nilikuwa sebuleni natafuta kiberiti. Mlango wa nje ulikuwa wazi, kuna mwanga kidogo tu wa jua linalozama. Nikasikia nyayo. Bibi akatoka chumbani peke yake, polepole, mkono mmoja mbele, akaja akakaa kwenye kochi bila kukosea.

"Afadhali," akasema. "Wamelizima hilo jua lao."

Nikakaa karibu naye. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Mkanda wangu mmeupeleka wapi?"

"Tuliukwangua, Bibi. Wote."

"Ndiyo maana ukuta hauna mwisho," akasema. "Nanyoosha mkono nikidhani mlango, kumbe ukuta. Nadhani ukuta, kumbe mlango. Nyeupe juu, nyeupe chini, na taa zinanichoma. Nikasema labda hapa si kwangu, wamenileta mahali wananificha."

"Kwa nini humwambii Mjomba?"

Alinishika goti. "Mtoto ameuza ng'ombe wake kunijengea. Nimwambie nini? Nimwambie, mwanangu, umenipofusha? Hata Mbeya kuna vitanda, nitalala. Na wewe usimwambie."

Nikamwambia sitamwambia. Umeme ukarudi, akafumba macho, akanyoosha mkono nimrudishe chumbani.

Sikulala vizuri. Ahadi nimeitoa, na nisipofanya kitu Bibi anaondoka. Asubuhi ilikuwa Jumamosi, Fundi Deo alikuwa amerudi kumalizia nje, anapaka msingi wa nyumba rangi ya chokoleti, ile nzito ya kuzuia matope ya mvua yasionekane. Nikamuuliza kama rangi hiyo inaweza kupakwa ndani, chini ya kuta na kwenye fremu za milango.

"Inaweza," akasema. "Lakini nikiipaka bila ruhusa ya mjomba wako, atanipaka mimi."

Nikaingia ndani. Miwani ya kusomea ya Mjomba ilikuwa mezani. Niliichukua, nikaipaka mafuta ya mgando vioo vyote viwili, nikaacha kitundu kidogo katikati. Nikampelekea pale barazani alipokaa.

"Mjomba, naomba uvae miwani hii, uingie ndani, uende mpaka chumbani kwa Bibi."

"Umeipaka nini miwani yangu, wewe mtoto?"

"Mafuta ya mgando."

"Una wazimu?"

Fundi Deo akashusha brashi yake. "Vaa tu mzee. Huyu mwalimu, labda ni mtihani wa taifa."

Nadhani alivaa ili kunifurahisha. Mimi niliwasha taa zote. Mjomba aliingia akicheka, akapiga hatua, akapunguza mwendo, akanyoosha mikono. Akaupapasa ukuta, akaupapasa, akaupita mlango wa Bibi, akarudi, akajigonga paji la uso kwenye fremu. Hakucheka tena.

"Sasa nenda jikoni," nikamwambia. Sijui sauti hiyo niliitoa wapi.

Akatoka uani, akavuka, akauona mlango wa jiko ulivyojaa masizi pembeni, akaingia moja kwa moja kama mtu mwenye macho yake. Bibi, niliyekuwa nimemwongoza huko mapema, alikuwa mle ndani anawasha moto. "Nani anasimama mlangoni ananizibia mwanga?" akauliza. "Ni mimi, Mama," Mjomba akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa shati lake kwa muda mrefu sana, mpaka nikaona haya kumtazama.

Tuliporudi barazani akaniuliza, "Kwa nini hakuniambia?"

Sikujibu, kwa sababu niliahidi. Na yeye hakuuliza mara ya pili. Alikaa akitazama zile ndoo tupu za rangi. Kisha akasema, "Deo, paka. Paka anavyotaka yeye. Na hizo taa zibadilishwe." Halafu akanigeukia mimi. "Lakini Modesta, wewe mwakani unamaliza shule. Nani atabaki naye? Nimeshamwambia mke wangu aandae chumba. Mama yako ameshasema ndiyo, na jambo hili siwezi kulibeba peke yangu. Dada akigeuza neno lake, na mimi nageuza langu. Asipogeuza, mwisho wa mwezi namchukua, ndiyo au siyo?"

Nikasema ndiyo. Jumapili mchana akarudi Mbeya kazini.

Kazi ya mkanda tumeifanya jioni za wiki hii, nikitoka shule. Fundi Deo alikuja na futi na uzi wake wa kunyooshea, akauliza mkanda upande kiasi gani. Bibi akasogea ukutani akaweka kiganja kiunoni mwake. "Hapa."

"Bibi, vipimo vya kawaida ni chini ya hapo."

"Hao wa kawaida ndio watakaa humu?"

Fundi akavuta uzi palepale. Rangi ya chokoleti ilipokauka ilikuwa nyeusi vya kutosha, na fremu za milango tukazipaka hiyo hiyo mpaka juu. Sebuleni tumebakiza taa mbili, balbu za njano zisizo kali, na hazitazami mtu machoni kwa sababu Fundi Deo amezikinga kwa bakuli za plastiki. Kapeti nimelikunja, sakafu nyekundu imeonekana tena. Kona yangu ya kusomea imebaki na taa yake nyeupe, nyuma ya kabati, Bibi haimfikii.

Fundi alipomaliza kuta, Bibi alipita ukutani pole pole, uso karibu na rangi, kidole kikifuata ule mstari. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Umenyooka mno. Hauna mtu." Nami nilijua anachosema, Mama. Rangi hii haitahitaji kupakwa tena kila mwaka. Mahindi tumeshapukuchua, huu ndio wakati wa kwenda bondeni, na mwaka huu hatwendi. Nikitoka shule nikiuona ule mteremko najikuta natafuta kuona kama kuna wanawake wenye ndoo. Wanafunzi wenzangu wananiambia sasa tunakaa kwenye nyumba ya kisasa, na ni kweli, lakini nikiingia ndani pua yangu inatafuta harufu ya udongo mbichi na haiipati. Sijui kama na wewe ulipoolewa huko ziwani ulikuwa ukiitafuta. Hukuwahi kusema. Mimi nikiwa hapa nakumbuka kwetu, vyombo vikigongana wakati mnaosha ufukweni, na Baba na mashine ya mtumbwi aliyoifungua sebuleni, na sasa nimeanza kuikumbuka na nyumba hii wakati bado nimo ndani yake.

Jana asubuhi niliamshwa na kelele. Moto ulikuwa umeshawashwa. Bibi alikuwa ametoka chumbani, amepita sebuleni, amefungua kitasa cha uani na amefika jikoni peke yake, na alikuwa anamfokea kuku aliyetagia kwenye unga. Nililala kimya nikimsikiliza. Baadaye akaja kunigonga: "Wewe msomi, shule imehamia kitandani?" Si kila kitu kimekwenda sawa. Bado anajigonga kwenye meza mpya ya televisheni aliyoileta Mjomba, na jana hiyo hiyo aliweka chumvi kwenye chai, ingawa anasema alikusudia. Macho yake hayatarudi, hilo najua. Lakini tangu mkanda urudi hajauliza tena tutarudi lini nyumbani.

Sasa Mama, jambo lenyewe. Mjomba anasubiri neno lako. Sina jibu la nani atakaa naye mimi nikimaliza shule. Nimeliwaza na sijalipata, na sitaki kukudanganya kwamba nimelipata. Naweza kusema tu kwamba mwaka huu na mwakani mimi nipo, na huko Mbeya kila ukuta utakuwa mgeni kwake. Nakuomba umpigie Mjomba umwambie umegeuza. Ukiona si sawa, basi njoo kwanza uone mwenyewe. Nauli ya kupanda kutoka Kabwe si kubwa kama huzuni ya kumtoa mtu kwake.

Tito mwambie asichezee kitabu changu cha hadithi nilichokiacha darini. Baba mwambie nimepanda nafasi darasani, ila hisabati bado inanitazama vibaya. Msalimie shangazi anayeuza nguo pale sokoni, na yule mama mkubwa aliyenipa shuka la kuja nalo shuleni, mwambie ndilo linaloniokoa usiku. Mama Oska mpe chai, huku ni kama mzazi kwetu.

Nilipofika hapa kwenye barua, Bibi aliingia, akaniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia nakuandikia wewe. Akakaa. Nilidhani habari za Mbeya aliambiwa na Mjomba tu, kumbe alisikia mazungumzo yenu yote ya simu kutoka chumbani, hata uliponyamaza. Akasema niandike hivi, na mimi naandika kama alivyosema:

"Mwambie sina kinyongo, aliambiwa akaamini. Ila akija asinishike mkono. Abishe hodi kama wageni wengine, nitakuja kumfungulia mwenyewe."

Mwanao akupendaye,

Modesta.